Herufi Zetu Kwenye Kitambaa
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



 Mahesabu ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii yamekwisha kusomwa na Mweka Hazina wetu, na yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, kwa hiyo mimi sitayarudia. Nimeombwa na wanachama nizungumzie kitambaa. Wengi wenu mmetuungisha, wengine leo mmekivaa, na swali tunaloulizwa kila tunapotandika bidhaa zetu ni lile lile: "Haya maua yenu ni maua gani?" Watu wa huku kwetu kila nakshi ya nguo tunaiita maua, hata kama hakuna jani wala kikonyo. Basi leo naeleza. Si maua. Ni herufi mbili, H na S. H ya hisa, S ya sanduku.

Naeleza pia kwa sababu lipo jambo la kuamua. Wanachama mnajua kwamba yuko mfanyabiashara mmoja wa nguo ambaye ameipenda nakshi yetu, na anataka kuinunua yote pamoja na mihuri yake. Atalipa mara moja, na sisi tutaacha kuipiga. Jumamosi ijayo tunapiga kura. Kabla mtu hajanyoosha mkono ni vizuri ajue kitu anachokiuza.

Chanzo chake ni kile kitabu cha mwanachama. Ninyi wageni huenda hamjakiona. Mwanachama akinunua hisa moja anagongewa muhuri mmoja, akinunua tatu anagongewa mitatu, na kikao kimoja hapiti hisa tano. Mtindo huu wa akiba za sanduku ulianzia kwa akina mama wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Wale wa mwanzo wengi hawakujua kusoma, hesabu zote walizishika kichwani. Sisi tumeukuta mtindo umeshakuwa na kitabu na muhuri, na muhuri una faida hiyo hiyo: asiyejua kusoma anahesabu alama zake mwenyewe, hakuna wa kumdanganya.

Sasa tunaye bibi yetu mmoja, hapendi kutajwa kwenye kitabu, ila wote mnamjua. Shule hakwenda. Siku moja baada ya kikao alifungua kitabu chake mbele yetu, ukurasa umejaa mihuri mstari kwa mstari, akasema, "Huu ukurasa ungekuwa kanga ningeivaa." Tukacheka. Lakini wakati ule tulikuwa tumeanza kutengeneza batiki, na batiki zetu zilikuwa zile zile za kila mtu: samaki, kobe, makuti, mama kabeba mtungi. Ukitandika sokoni huwezi kutofautisha cha kwetu na cha jirani. Neno la bibi likatuingia.

Tulipokubaliana kutumia herufi, kwanza tulibishana herufi gani. Wapo waliotaka za Kiarabu, na hoja yao haikuwa ndogo. Mwambao huu umepamba kwa maandishi tangu zamani. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye mwaka 500 wa Hijra, ndiyo 1107 ya Miladi, na ukiyatazama herufi zimerefushwa zikachanua hata mgeni asiyejua kuzisoma anadhani ni mapambo matupu. Milango ya Mji Mkongwe nayo mingi ina maandishi kwenye kizingiti cha juu. Lakini bibi zetu wakasema, na mimi niliwaunga mkono, kwamba batiki inatandikwa kitini, inabeba mtoto, inaanguka chini. Herufi zile watu wamezizoea kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, usije ukamkwaza mtu. Tukabaki na herufi za shuleni.

Sasa niwafundishe kidogo, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mtu akisikia "pamba kwa herufi" anaandika jina lake vizuri na kulirudia mara hamsini. Hiyo si nakshi, ni orodha. Herufi ukitaka igeuke kuwa ua, lazima kwanza uiangalie kama umbo, usahau sauti yake. Igeuze kichwa chini uone inakuwaje. Ilaze ubavu. Ishike mbele ya kioo.

Ukifanya hivyo utaona herufi hazina tabia moja. H, I, N, O, S, X na Z ukizigeuza kichwa chini zinarudi vile vile. A haiko hivyo, A ikipinduliwa inakaa kama ng'ombe mwenye pembe. M inakuwa W. N ukiilaza ubavu ni Z. Herufi ndogo p ukiipindua ni d, na b ukiipindua ni q, kwa hiyo muhuri mmoja unakupa herufi mbili. Lakini p na q ni mtu na kivuli chake kwenye kioo, hizo hata uzungushe muhuri mpaka jioni hazipatani, lazima uchonge mihuri miwili.

Kwa nini nakazania jambo la kichwa chini? Kwa sababu ya fundi cherehani. Kanga ina jina, na jina linasomwa upande mmoja tu. Ndiyo maana hakuna mwanamke anayevaa kanga jina likiwa kichwa chini, labda ana ugomvi na mtu. Lakini kitambaa cha kushona fundi anakikata anavyoona. Nakshi yenye kichwa na miguu inamlazimisha apange vipande vyote vitazame upande mmoja, na hapo kitambaa kinapotea. Nakshi isiyo na juu wala chini anapanga mkono huku, mkono kule, anabana, mteja anaokoa kitambaa. H na S hazina juu wala chini. Sisi hatukulijua hilo mwanzoni, tulizichukua kwa ajili ya maneno yake, fundi mmoja ndiye aliyekuja kutusifia kwamba kitambaa chetu "hakina ubishi". Tangu siku hiyo tukipima herufi mpya tunaanza na swali la fundi.

S ina matata yake, lazima niseme. Kichwa chini ni ile ile, lakini kwenye kioo inakuwa S iliyogeuka, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoiandika. Na muhuri wowote unatoa kinyume cha ulivyochongwa. Seremala mmoja tuliyemlipa aliichonga S kama ilivyokuwa kwenye karatasi, ikatoka imegeuka kwenye nguo, na hela hakurudisha. Ukichonga, chora kwenye karatasi nyembamba, igeuze karatasi, ndipo ufuatishe. H haina shida, kioo hakiibadilishi. Tena batiki ni kitambaa cha pande mbili, nta inapenya mpaka nyuma, kwa hiyo S ikiwa sawa mbele, nyuma imegeuka. Zamani ilinikera. Siku hizi naona ndiyo alama ya kujua kitambaa kilichopigwa kwa nta na kile kilichochapwa juu juu.

Jambo la pili ni jirani wa herufi. Ua halitoki kwenye herufi peke yake, linatoka kwenye nafasi kati ya herufi na mwenzake. Weka H juu ya H mpaka miguu ya ile ya juu iguse mikono ya ile ya chini: katikati panazaliwa dirisha, na hilo dirisha hukulichora wewe. Panga S zikifuatana zimelala ubavu, unapata mawimbi. Hayo mawimbi aliyaona bibi yetu kabla yetu sisi tuliosoma. Sisi kila S tulikuwa tunaisimamisha wima, maana mwalimu alitufundisha S inasimama. Yeye hakufundishwa, akailaza. Akasema hii ni bahari. Mpaka leo kwenye kupanga mihuri hakuna anayemfikia, na mkono wake hautumii rula.

A tunaitumia kwenye pindo tu. Zipange A wima mguu kwa mguu, halafu kila penye mwanya kati ya mbili ingiza A ya kichwa chini. Zinabanana kama meno ya msumeno. Ukiwa na A wima 13, za kuingiza ni 12, zaidi ya hapo umehesabu vibaya.

Na hesabu ndiyo inayowaharibia watu nguo. Nitatoa mfano wa kitambaa chetu cha kawaida, upana sentimita 110, urefu 150. Pindo tunatoa sentimita 10 kila upande. Mji unabaki 90 kwa 130. Muhuri wetu ni sentimita 10 kwa 10. Basi mistari 9, kila mstari mihuri 13, jumla mihuri 117. Tunapanga kama ubao wa drafti, H, S, H, S. Kwa kuwa 9 na 13 hazigawanyiki kwa mbili, pembe zote nne zinaangukia H, na katika 117 kuna H 59 na S 58. Ingekuwa mistari 10 kwa 14 pembe mbili zingekuwa H na mbili S, na jicho lingeona kitambaa kimelalia upande, hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Anayetaka kulainisha zaidi asogeze kila mstari wa pili nusu muhuri, kama matofali ya ukuta, ila pembeni atalazimika kupiga nusu muhuri, na hapo ndipo vijana wetu wanapoharibu.

Mistari hatuichori kwa penseli. Tunavuta uzi kutoka misumari ya meza, na tuna kijiti cha sentimita 10 kila mtu na chake.

Habari ya nta nitaipita haraka, anayetaka aje kwenye mafunzo. Mihuri yetu ni sponji ya godoro iliyogandishwa kwenye kipande cha mbao. Nta ya mshumaa tunachanganya na ya nyuki kidogo ili isipasuke ovyo. Ikiwa ya moto wa kutosha kitambaa kinalowa kama kimemwagikiwa mafuta. Ikipoa inakaa juu nyeupe, na rangi itapita chini yake. Ikizidi moto inatambaa, na H inakuwa donge. Kwa sababu nta hutambaa, mstari wa herufi usiwe mwembamba kuliko kidole, na herufi zenye tundu kama A, B na R tundu lichongwe kubwa kuliko unavyodhani, la sivyo linaziba. H na S hazina tundu, ni rahisi kwa anayeanza. Rangi tunaanza na nyepesi tunakwenda kwenye nzito. Na kostiki soda, jamani, glovu. Tena kostiki ndiyo inamwagwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki. Nimeshasema mara ngapi.

Nirudi kwenye mfanyabiashara wetu.

Herufi kwenye nguo siku zote zimekuwa habari ya mali. Wazee wa Mombasa wanazikumbuka kanga zilizopigwa chapa "K.H.E. Mali ya Abdulla". K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza Mombasa mwaka 1887, na yeye anatajwa sana kuwa ndiye aliyezipa kanga majina. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndiyo zikaja hizi. Lakini tazameni, herufi za jina lake zilikaa pembeni, herufi ndogo, kumwambia mnunuzi mali imetoka wapi. Sasa nendeni Paris. Mwaka 1896 Georges Vuitton alichukua herufi za kwanza za jina la marehemu baba yake, Louis Vuitton, L na V, akazifunganisha, akaziweka na vijiua vya petali nne, akazirudia mkoba mzima. Sababu yake kubwa ilikuwa watu walikuwa wanaiga mikoba yao. Nanyi mmekwenda Kariakoo, mmeiona mikoba ya L na V imetundikwa kando ya barabara, mjiulize wenyewe kama herufi zilimzuia mtu kuiga.

Kwa hiyo wale wanaosema "tuuze mapema kabla hatujaibiwa" nawaelewa. Hoja yao ni ya kweli, na nyingine ni ya kweli zaidi: Januari ina ada na sare, na fedha anayotaja huyu bwana inazidi faida ya vitambaa vyetu ya mwaka mzima. Mwanachama mwenye watoto wanne shuleni simwambii kwamba fedha hiyo ni ndogo. Si ndogo.

Ila nimemuuliza huyu bwana maswali mawili. Nilimuuliza atakipiga kwa nta? Akasema hapana, atapeleka kiwandani, kitachapwa kwa mashine. Nikamuuliza, kama mwanachama wetu akipiga H na S kwenye shuka ya mtoto wake itakuwaje? Akasema mkataba utakataza. Yaani bibi yetu aliyeilaza ile S, akiilaza tena nyumbani kwake, atakuwa amevunja mkataba. Mimi hapo ndipo niliposimama.

Nimeuliza pia habari ya sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, pamoja na sanaa inayotiwa kwenye vitu vya matumizi, na kazi inaweza kusajiliwa Cosota. Herufi yenyewe haina mwenyewe, H ni ya dunia nzima, hata kwenye kiatu cha mtu unaikuta. Kinachoweza kuwa chetu ni mpangilio: hizi H 59 na S 58, lile dirisha, yale mawimbi, meno ya pindo. Ninyi mlioshiriki mnajua mpangilio ule ulichukua muda gani na vitambaa vingapi viliishia kuwa vya jikoni.

Pendekezo langu, na Jumamosi nitalisema tena ili liandikwe kwenye muhtasari, ni hili. Tukasajili mpangilio kwa jina la kikundi, siyo la mwenyekiti wala la mtu mmoja. Huyu bwana tumuuzie vitambaa kwa jumla, bei ya jumla tuielewane. Akitaka vingi kuliko mikono yetu, tufundishe kikundi kingine cha jirani, kila kikundi kikiwa na herufi zake, maana herufi ziko nyingi na zenye tabia nzuri tumezitaja. Ada ya Januari iangaliwe kwenye mikopo, mfuko unaruhusu, Mweka Hazina amenihakikishia. Anayepinga aje na hesabu yake, tutaisikiliza. Washika funguo watatu wamekubaliana kwamba mihuri ifungiwe ndani ya sanduku mpaka kura ipite, na huko ndiko iliko kila siku isipokuwa leo.

Leo imetolewa. Kule nyuma, chini ya mwembe, kuna meza yenye kitambaa cheupe cha mita tano na nta iko jikoni. Mgeni Rasmi ataanza na H, halafu kila mgeni anapiga muhuri mmoja, kwa foleni tafadhali. Watoto wasisogelee jiko. Kitambaa kitatiwa rangi Jumatatu, na kitatandikwa kwenye meza ya mikutano. Bibi yetu yuko pale kuwaonyesha pa kuweka. Akikulazia S yako ubavu, usibishane naye.